Shemeji Aliyeiponya Kompyuta ya Mama

Sitaki kusikia mtu akiniambia kwamba Lachko ni mtu mwema. Najua ni mtu mwema, na hilo ndilo lililonichoma tangu siku dada yangu Kalina alipomleta nyumbani: mrefu, mpole, amebeba chupa ya asali ya nyuki wake mwenyewe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamshika mama yangu mkono na kumwita "Mama". Mama! Kama vile alinyonya kwake.

Mimi naitwa Zhivko, ni fundi wa lifti hapa mjini Gabrovo. Mama yangu, Bi Tsonka, anakaa ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti, na majirani hawajachoka kunitania kwa hilo. Nilikuwa nazipanda ngazi zile sabini na mbili kila Jumamosi, karibu miaka kumi mfululizo, jua liwe kali au theluji ifike magotini, kwa sababu moja tu. Kompyuta ya Mama ilikuwa mgonjwa.

Nilimnunulia mwenyewe, majira ya baridi yaliyofuata kifo cha Baba, ili apate cha kufanya badala ya kukodolea macho kiti kitupu. Na haikuisha kuugua. Leo virusi, kesho matangazo ya dawa za kukonda yamejaa skrini nzima, kesho kutwa imegoma kuwaka. Mimi naingia, navaa ndara zangu za kahawia zilizonisubiri mlangoni, naketi kwenye chumba cha nyuma, natia mkono kazini. Mama ananiletea sahani ya pilipili hoho zilizojazwa wali na nyama, anaiweka karibu na kipanya, anasimama kidogo nyuma yangu, kisha anarudi jikoni. Saa kumi na moja jioni nimemaliza, nambusu shavuni, nashuka. Ungeniuliza ni kitu gani duniani kilichokuwa changu peke yangu, baada ya mke kuondoka na nyumba kugawanywa, ningekujibu bila kusita: Jumamosi.

Usidhani kompyuta hiyo ilikuwa ya kuchezea karata. Mama alikuwa karani mpiga chapa katika kiwanda cha nguo miaka thelathini na mmoja. Anapiga kwa vidole kumi, uso umeinuka, huku akikusimulia bei ya nyanya. Na huku kwetu mtu akifa, hafi mara moja. Siku ya kifo hubandikwa karatasi yenye picha yake kwenye mlango wa jengo, kwenye nguzo ya umeme, kwenye kituo cha basi. Siku ya arobaini karatasi nyingine. Miezi sita, mwaka, miaka mitatu, miaka kumi, karatasi. Marehemu wote wa mtaa wetu wamepita mikononi mwa Mama. Watu humletea picha na tarehe, yeye hutunga maneno, huchapa, na kesho yake huletewa walnati au mtungi wa achari. Faili alikuwa nazo zaidi ya mia nne, na zote nilimpangia mimi.

Hapo ndipo palipokuwa na ufundi wangu. Diski ya kompyuta niliigawa vyumba viwili. Chumba cha kwanza, C, cha mfumo wenyewe. Chumba cha pili, D, cha vitu vya Mama. "Mama, weka kila kitu D," nilimwambia hadi akaota. Mfumo ukichafuka, nafuta C, naweka mwingine kutoka kwenye kisahani changu cha CD, na marehemu wote wanabaki wamelala salama D. Mafundi wote wa nchi hii tumekua hivyo. Mkono unafanya wenyewe, hata uwe unasinzia.

Sasa, vuli iliyopita nilikwenda Varna majuma matatu. Hoteli za pwani hufunga msimu ukiisha, na ndipo lifti zake hutengenezwa. Huku nyuma Kalina na Lachko wakaja kutoka Tarnovo kumsaidia Mama kuchoma pilipili na kupika lyutenitsa, ile rojo ya pilipili na nyanya, ya mwaka mzima. Niliporudi, Jumamosi asubuhi, nikapanda ngazi mbili mbili, nina kisahani changu mfukoni, na samaki wa kukaushwa wa Mama. Nikafungua mlango. Pembeni mwa ndara zangu kulikuwa na ndara nyingine, mpya, za buluu, kubwa kama mashua.

"Hizo za nani?"

"Za Lachko," Mama akajibu kutoka jikoni. "Maskini, miguu yake haikuwa inaingia kwenye za wageni. Nikamnunulia."

Zangu zilikuwa na tundu kwenye kidole gumba tangu mwaka juzi. Nikaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, nikawasha kompyuta, nikasubiri ile kelele yake ya mzee anayekohoa. Haikukohoa. Iliwaka upesi, ikaleta picha ya mlima na pengwini pembeni, vitufe vichache vikubwa, na maandishi makubwa yenye adabu. Hapakuwa na tangazo hata moja.

"Mama! Nani ameigusa hii?"

Akaja akipangusa mikono. "Lachko ameiwekea mfumo mwingine, Linux," alisema, na jina lile likamtoka kwa wepesi kama jina la mpwa wake. "Ni bure, wala si ya wizi kama ile yako. Tangu hapo haijaugua hata mafua, mwanangu. Majuma mawili! Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji gani kapona? Mwenyeji ni mimi."

"Basi pona."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nikavuta kiti, nikaanza kutafuta ugonjwa. Nilijua upo, hakuna nyumba isiyo na panya. "Printa hii ni ya zamani, haitakubali," nikasema. Ikatoa karatasi safi kabla sijamaliza sentensi. "Na maandishi mbona makubwa hivi? Amekufanya mtoto wa chekechea?" Nikaanza kuyapunguza.

"Acha hayo," Mama akasema. "Nilimwomba mimi. Jicho la kushoto limeingia ukungu. Daktari anasema mtoto wa jicho."

Mkono wangu ukabaki juu ya kipanya. "Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, Zhivko. Yeye aliniuliza kwa nini nainamia kioo cha kompyuta."

Niseme ukweli: sikumwonea huruma kwanza. Kwanza niliona wivu. Mgeni wa juzi alijua jicho la mama yangu na mimi sikulijua, na habari hiyo nimeipata kutoka kwa ukubwa wa herufi. Huruma ilikuja baadaye, nikiwa nashuka ngazi, na hata hapo ilikuja imechanganyika.

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena. Hapakuwa na cha kutengeneza. Niliketi dakika ishirini, nikafungua na kufunga droo, nikaondoka nikisema nina lifti imekwama. Iliyofuata nilipiga simu tu. "Ipo salama?" "Salama." "Inawaka?" "Inawaka, mwanangu. Njoo ule." "Nina kazi." Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimekaa nyumbani kwangu nimevaa koti, nikitazama simu, nikiomba mashine ya mama yangu iharibike. Hebu niambie, ni mtu wa namna gani huyo?

Iliyofuata tena nikaenda, nikamkuta anaongea na Lachko kwa simu. Anacheka! "Hapana mwanangu, lile pengwini siliogopi, linafanana na mkurugenzi wetu wa kiwanda," anamwambia. Mwanangu. Bi Ginka wa ghorofa ya tatu, aliyekuja kufuata karatasi ya kumbukumbu ya mumewe, alinitazama nilivyosimama mlangoni, akatikisa kichwa.

"Zhivko, wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Na wewe hapo ulipo huna nyama ya kupoteza."

"Wivu wa nini, Bi Ginka? Mimi naogopa usalama wa mashine."

"Mashine gani ina uso mwekundu hivyo?" akasema, akachukua karatasi zake na kushuka.

Nilianza kumtia Mama wasiwasi kidogo kidogo. Nikamwambia Linux ni ya wanafunzi wasiooga. Nikamwambia siku ikigoma, fundi hatapatikana Gabrovo nzima. Nikamwambia Lachko yuko Tarnovo na mimi niko hapa. Mbwa wa jirani hakulindii nyumba. Mama alinisikiliza huku akimenya viazi, akasema, "Haya," na viazi vikaendelea kumenywa.

Basi ikafika Jumamosi ya Wafu, ile ya mwanzo wa Novemba. Siku hiyo mtaa mzima huenda makaburini na ngano ya kuchemsha, mkate na divai ya kuwamwagia wapendwa. Kwetu ilikuwa na uzito zaidi, maana Jumanne yake Baba, Mzee Penyo, angetimiza miaka kumi tangu afariki. Mama alikuwa akiitunga karatasi yake kwa majuma kadhaa, anafuta, anaandika upya. Alisema tutaichapa jioni hiyo hiyo nakala thelathini, na Jumapili tutaibandika.

"Twende pamoja," aliniambia, bakuli la ngano mkononi.

"Goti linaniuma, Mama. Tangulia, nitakwenda Jumanne."

Goti langu lilikuwa zima. Nilitaka nyumba ibaki tupu. Nilikuwa nimelala na wazo langu wiki nzima, na asubuhi ile lilionekana safi kabisa: nitaondoa kile kitu cha Lachko, nitarudisha mfumo wetu wa zamani, na Mama akirudi nitamwambia iligoma yenyewe. Saa mbili tu za kazi. Jumamosi ijayo itaanza kuugua, nami nitaitwa.

Mlango ulipofungwa nikavaa miwani. Nyuma ya kompyuta niliona kiflashi kidogo cheusi kimechomekwa, sikukiweka mimi. "Na huyu naye kaacha mayai yake humu," nikasema, nikakichomoa na kukitupa kwenye droo ya mkasi na gundi. Nikaingiza kisahani changu. Ilipofika pa kuchagua diski, zikatokea sehemu mbili, zimeandikwa kwa namna nisiyoizoea. Ya kwanza kubwa, ya pili ndogo. Mwenye akili angesimama hapo. Lakini mimi nilikuwa namwona Lachko na ndara zake za buluu, na mkono umeshazoea, ya kwanza ni C, C hufutwa. Nikafuta.

Mfumo wa zamani ukapanda taratibu, ukikohoa, nami nikijipigia mluzi. Ulipowaka nikaenda kufungua D nimpangie Mama karatasi ya Baba iwe tayari akirudi. Hapakuwa na D. Nikatafuta kwa jina. Nikatafuta picha. Nikazima, nikawasha, nikatafuta tena. Ndipo nikaelewa: Lachko hakugawa vyumba kama mimi; ile sehemu ndogo ilikuwa akiba ya mfumo tu. Kwake nyumba ilikuwa moja, na mfumo na marehemu wa mtaa walikuwa wakilala pamoja humo, kwenye ile sehemu ya kwanza, ile kubwa. Mia nne na zaidi. Na Baba. Picha ile ya Baba akiwa na kofia ya majani, ambayo ya karatasi iliungua pamoja na banda letu la shambani, haikuwepo tena popote.

Hasira hasara, wanasema. Mimi nilikuwa nimeketi katikati ya hasara hiyo, nimevaa ndara zenye tundu, wakati baba yangu anamwagiwa divai na mjane wake peke yake.

Sikusikia mlango. Mama alisimama nyuma yangu, bado na kitambaa cheusi kichwani, ana harufu ya mishumaa.

"Goti linaendeleaje?" akauliza.

"Mama, imegoma. Ilizima yenyewe, nikajaribu kui..." Nikageuka. Alikuwa anatazama skrini, ile picha ya zamani ya kijani aliyoifahamu miaka yote. Hakuwa mjinga. Hajawahi kuwa.

"Karatasi ya Penyo iko wapi?"

Nikashika kipanya, nikakiachia.

"Nakuuliza, Zhivko. Baba yako yuko wapi?"

"Nimemfuta," nikasema. "Nilifikiri yuko D. Nimewafuta wote."

Nilitegemea anipige. Angenipiga ningeshukuru. Aliketi pembezoni mwa kitanda, akavua kitambaa, akakikunja mara nne.

"Ulitaka kuiondoa Linux ya Lachko."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni ya Lachko!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kwa sababu ulikuwa unaniita mimi. Miaka yote uliniita mimi. Akaja yule na asali yake, kwa siku moja kila kitu kikapona, na mimi nikawa wa kazi gani hapa? Sihitajiki. Unamwita mwanangu, unamnunulia ndara, jicho lako analijua yeye. Nimebaki na nini mimi?"

Nina miaka arobaini na saba. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa mkate.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akasema, polepole, kama anayepiga chapa barua ya mtu mkubwa: "Hakuja na Linux yake, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwomba. Wakati tunachoma pilipili nilimwuliza, Lachko, hivi hakuna mashine isiyougua? Akasema ipo. Nikamwambia basi niwekee leo hii, kabla Zhivko hajarudi."

"Kabla sijarudi? Ulinichoka?"

"Nilichoka kisogo chako. Kila Jumamosi unapanda ngazi zile zote, unaingia, unanigeuzia mgongo kwa saa sita nzima. Nakuletea chakula, nasimama hapo nyuma, nasema moyoni sasa atageuka. Unasema 'Asante Mama' kwa kioo. Najua una upara unaanza hapa," akagusa utosi wangu, "lakini sijui unakula nini siku za kazi. Nikasema, mashine ikipona, mwanangu ataketi nami mezani. Ikapona. Wewe ukaacha kuja."

Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati.

"Sasa mpigie Lachko," akasema.

"Mama, chochote kingine. Nitakwenda Tarnovo kwa miguu kununua..."

"Mpigie Lachko, au Jumanne baba yako hatakuwa na karatasi mlangoni. Miaka kumi nimewaandikia waume wa wenzangu wote. Wangu asikose."

Nikapiga. Alipokea haraka, na nyuma yake nilisikia Kalina akigonga masufuria.

"Shemeji! Habari za Jumamosi ya Wafu?"

"Mbaya," nikasema. "Shemeji, nimeharibu." Nikamweleza yote. Sikuficha goti, wala kisahani, wala sababu. Nilisema kwa sauti kavu nikitazama ukuta, na nilipofika mwisho nikasubiri acheke. Ningekuwa mimi ningecheka.

"Nyuma ya kompyuta kulikuwa na kiflashi cheusi kidogo," akasema. "Kipo?"

"Nilikichomoa."

"Ulikichomoa kabla ya kufuta, au baada?"

"Kabla."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi umeokoa kila kitu, shemeji. Mashine inajinakilia humo kila jioni. Ya jana ipo yote. Ungekiacha pale, pengine ungekifuta nacho. Umefanya vizuri."

Unaona mtu huyu? Hata hapo alinipa sifa. Ningependa mara mia anitukane.

"Na mfumo wenyewe sina," nikanung'unika.

"Mwulize Mama. Nilikuachia."

Mama alikuwa ameshafungua kabati. Akanipa bahasha. Juu yake, kwa mwandiko wa Lachko ulioinama kama yeye mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Kwa Zhivko. Ndani mlikuwa na flashi nyingine, na ukurasa mzima wa maelezo, hatua kwa hatua, na chini kabisa: "Shemeji, mimi niko mbali na wewe ndiye fundi wa nyumba hii. Nikikosea mahali, nirekebishe."

"Kila nilipotaka kukupa ulikuwa umekuja na uso wa siki," Mama akasema. "Nikaona nitakupa ukiketi. Hukuketi."

Tuliifanya kazi ile pamoja, Lachko kwenye simu na mimi kwenye kibodi. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyomwambia Mama, na hilo nalo liliniuma. Mara mbili nilimwuliza kitu, mara moja akaniuliza yeye, kuhusu printa ile, maana mimi ndiye niliyeijua tabia yake. Akasema, "Ahaa, sikulijua hilo," na sitadanganya, nilifurahi kama mjinga. Ilipofika pa kugawa diski aliniuliza, "Unataka vyumba viwili, kama ulivyozoea?" Nikafikiri. Nikamwambia igawe, ya pili iwe ya Mama. "Wazo zuri," akasema, tukaigawa.

Saa tisa alasiri mafaili yakarudi, moja moja, majina yakipita kwenye skrini kama watu wanaotoka kanisani. Mume wa Bi Ginka. Mwalimu wetu wa hesabu. Pacha wa ghorofa ya kwanza. Mwishowe Baba, na kofia yake ya majani, anacheka na jua usoni. Chini ya picha Mama aliandika maneno machache tu: kwamba ni miaka kumi, kwamba nyumba bado inamsubiri. Kisha majina ya wanaomkumbuka. Mke Tsonka. Binti Kalina. Mwana Zhivko. Mkwe Lachezar. Jina langu na hilo refu la Lachko yalikaa mstari mmoja, kwa ufinyu wa nafasi ya karatasi, na kwa mara ya kwanza sikutafuta namna ya kuyatenganisha.

Tukachapa nakala thelathini. Mama akazinyoosha, akazifungia kwenye jalada. Nikazima printa, nikafuta vumbi la kibodi kwa mkono wa shati, nikaweka mkasi mahali pake. Hapakuwa na kitu kingine. Nikainuka, nikatazama koti langu.

"Basi, Mama, niende."

"Kuna kilichobaki kutengenezwa?"

"Hakuna."

"Basi keti."

Nikamfuata jikoni. Aliniwekea sahani mezani, mezani kweli, akaketi upande wa pili, vidole vyake kumi vimetulia juu ya kitambaa. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilikula kijiko kimoja, nikakitua. Yeye alinitazama kwa jicho moja zima na moja lenye ukungu, na hakuonyesha haraka yoyote.

"Sema kitu," nikamwambia.

"Sema wewe. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Isiwe cha mashine."

Nilifikiri. Nilijua neno lake la siri, nilijua tarehe za marehemu wote wa mtaa, nilijua kila kelele ya kompyuta yake kwa miaka kumi, na nilikuwa naketi mbele ya mama yangu natafuta swali kama mtu anayetafuta swichi gizani. Pilipili zikapoa. Lachko angekuwa ameshauliza matano, nikawaza, na wivu ukanichoma tena, mara ya mwisho kwa siku ile. Nikauliza la kwanza lililonijia.

"Unalala vizuri, Mama?"

"Hapana," akasema. "Tangu baba yako afe, mwanangu, sijalala usiku mzima hata mmoja."

Akasogeza kiti chake karibu, akaanza kunieleza.